Je, Mchoraji Huzaliwa?

Katika toleo lililopita la gazeti letu, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliandika kwamba saa ya kuchora ingefaa iondolewe, na nafasi yake wapewe wanafunzi wajisomee hesabu. Sababu aliyoitoa ni fupi: mchoraji huzaliwa, hafundishwi. Mwenye kipaji atachora hata bila ya saa hiyo, na asiye nacho hatachora hata akipewa mwaka mzima.

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Sipendi kubishana na mdogo wangu ambaye hajapata kuniona, na hesabu naipenda, maana ndiyo inipayo riziki. Lakini neno hilo la kipaji lilinipotezea miaka zaidi ya ishirini, wala sitaki limpotezee mtu mwingine. Kwa hiyo namwomba mhariri anipe nafasi nieleze niliyoyaona.

Nilipokuwa shule ya msingi, siku moja mwalimu alituambia tuchore ng'ombe. Nilimchora wangu kwa moyo wote. Mwalimu akaliinua daftari langu juu, akaliuliza darasa, "Hii ni meza au ni kitanda?" Watoto wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao ili nisilie. Tangu siku ile nilijua kwamba sina kipaji. Nilipokuja katika shule yetu hii, saa ya kuchora niliitumia kuwachongea wenzangu kalamu. Hata ramani za jiografia nilimpa mwenzangu anichoree, nami nikamfanyia hesabu zake. Mwalimu wetu wa jiografia hakujua, na kama anasoma haya, namwomba radhi.

Sasa nafanya kazi ya ukarani Kanengo, upande wa kaskazini wa mji wa Lilongwe, katika nchi ya Malawi. Wasiopajua Kanengo wafahamu kwamba ni mahali pa viwanda na maghala, kando ya barabara kuu iendayo Mzuzu na Karonga, na kutoka huko mpaka kwetu Tanzania. Hapo ndipo penye mnada wa tumbaku, na msimu ukifika malori hupanga foleni ndefu. Kazi yangu ni kuandika mizigo iingiayo na itokayo. Ni kazi ya kungoja. Dereva hungoja karatasi, karatasi hungoja muhuri, na muhuri hungoja mwenye muhuri. Siku moja, katika kungoja huko, nilijikuta nimeshika kalamu ya wino na kuchora lori lililokuwa mbele yangu, nyuma ya karatasi iliyoharibika.

Lori lenyewe lilikuwa baya. Magurudumu niliyachora duara kamili, kama sahani. Nilipoinua macho na kulitazama lori kwa mara ya pili, niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona maisha yangu yote: gurudumu likitazamwa kwa mshazari si duara tena, bali limebanwa kama yai. Malori nilikuwa nikiyatazama kila siku, lakini nilikuwa nimechora gurudumu ninalolijua, sikuchora gurudumu ninaloliona. Basi mkono wangu haukuwa na kosa. Jicho ndilo lililokuwa halijapata kufanya kazi. Nikawaza, ikiwa kosa ni la jicho, jicho laweza kufundishwa. Kesho yake nikachora lori jingine, na kesho kutwa jingine.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza. Makosa mengi ya mtu anayeanza kuchora hayatokani na kukosa kipaji, yanatokana na kutotazama. Mwambie mtu yeyote achore uso wa mwanadamu. Ataweka macho juu kabisa, karibu na nywele, kwa kuwa sisi sote tukimtazama mtu twatazama macho na kinywa, na paji la uso na utosi hatuvijali. Simama mbele ya kioo ujipime kwa rula: utaona kwamba macho yako yapo katikati, kati ya kidevu na utosi. Vile vile mtu mzima akisimama, urefu wake ni kama vichwa vyake saba hivi, lakini mtoto wa mwaka mmoja ni vichwa vinne tu. Ndiyo maana watoto wachanga tuliowachora sisi shuleni walionekana kama wazee wafupi. Haya si mambo ya kuzaliwa nayo. Ni mambo ya kupima, na mwanafunzi apendaye hesabu hana udhuru wa kuyakimbia.

Hoja ya pili sikuipata Kanengo, niliipata Dzaleka. Hiyo ni kambi ya wakimbizi iliyo katika wilaya ya Dowa, na kutoka Lilongwe haizidi kilomita 50. Zamani, katika utawala wa Rais Banda, palikuwa gereza. Mwaka 1994 pakafanywa makao ya wakimbizi. Palikusudiwa watu kiasi cha 10,000 hivi, lakini sasa wamo zaidi ya 50,000, na wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kwa mtu wa kwetu ni ajabu kidogo. Njiani kote wasikia Kichewa, lakini ukiingia soko la Dzaleka wapokewa na Kiswahili kila upande. Huko hufanyika pia tamasha liitwalo Tumaini, ambalo lilianzishwa mwaka 2014 na mshairi wa Kikongo ajulikanaye kwa jina la Menes La Plume, na watu hutoka mjini kwenda kusikiliza muziki. Lakini hayo ni ya siku chache katika mwaka. Mimi nimezoea kwenda siku za kawaida, kununua maharagwe na kusema lugha yangu.

Hapo sokoni nilimkuta kijana mmoja wa Kivu ya Kusini anayechora sura za watu kwa kalamu ya risasi. Zamani alikuwa Lilongwe, akiandika mabango ya maduka na ya vinyozi. Mwaka 2023, serikali ilipowaagiza wakimbizi waliokuwa wakikaa mijini warudi kambini, naye akarudi. Kibanda chake alikiacha, lakini mkono alirudi nao. Siku hizi mtu humletea picha iliyo katika simu, naye hupiga mistari ya miraba juu ya karatasi, akaihamisha sura mraba mmoja baada ya mwingine, mpaka ikatokea sura ambayo mama mzazi hawezi kuikosa.

Nilisimama nikamtazama muda mrefu. Mwisho nikamwambia neno lile lile la mdogo wangu wa kidato cha tatu: "Kaka, wewe umezaliwa nacho."

Akacheka. "Hapana, papa," akasema. "Tazama kwanza hizi."

Akatoa chini ya mkeka furushi la daftari za shule, zimefungwa kwa kamba. Moja lilikuwa la masikio matupu. Nasema kweli, daftari zima, mwanzo hata mwisho, masikio ya watu, na kila moja limeandikwa tarehe. Masikio ya kurasa za kwanza yalikuwa kama maandazi yaliyokanyagwa. Katikati ya daftari yakaanza kufanana na masikio, lakini yote ya mtu mmoja. Katika kurasa za mwisho uliweza kusema hili ni la mzee, na hili ni la msichana aliyetobolewa. Daftari jingine lilikuwa la pua, jingine la mikono. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mimi nilikuwa nimeona chombo kikielea, nikadhani kiliota majini.

Lakini kijana huyo aliniambia pia jambo lililokuwa likimsumbua, nami aliniruhusu nilieleze bila ya kumtaja jina. Mama mmoja alimwendea akamwomba amchoree mama yake, aliyekwisha kufa huko Kongo. Kijana akajibu kama alivyozoea, "Lete simu, mama." Yule mama akasema hana picha. Picha ilikuwa moja, ukutani, nao walitoka usiku wakakimbia, na nyumba haipo tena. Alitaka kuueleza uso wa mama yake kwa maneno, kijana achore. Kijana hakuweza. "Mimi natoa picha katika picha," aliniambia. "Pasipo picha, mimi ni kama wewe."

Neno hilo halikuniudhi, maana lilikuwa kweli. Yeye alijua kivuli, na masikio, na wepesi wa kalamu, lakini hakuzoea kumchora mtu aliye hai mbele yake, anayegeuka na kucheka na kupokea fedha. Mimi sikujua kivuli wala sikio, lakini malori yangu nilikuwa nikiyachora yakiwa mbele yangu, na mara nyingi yaliondoka kabla sijamaliza. Basi tukabadilishana. Nilimwonyesha jinsi ya kunyosha mkono, kufumba jicho moja, na kuipima sura kwa kalamu: upana wa uso waingia mara ngapi katika urefu wake, na kidevu kiko mbali kiasi gani na bega. Nilimwonyesha pia kutazama nafasi iliyo wazi, mathalani ile iliyo kati ya kiwiko na kiuno cha mtu aliyejishika nyonga, kwa kuwa nafasi hiyo haina jina, na jicho haliwezi kuidanganyia. Naye alinifundisha kukaza macho nusu, ili madogo yapotee na vivuli vikubwa vibaki. Kwa muda wa mwezi mzima aliketi sokoni bila ya simu, akiwachora bibi wauzao samaki wakavu. Wengine walimfukuza. Wengine walimdai fedha.

Ndipo akamwita yule mama. Akamweka kitini, akamwuliza, pua ilikuwa kama yako? Mashavu je? Alipokasirika, kinywa kilikuwaje? Karatasi ya kwanza mama akaikataa, na ya pili akaikataa. Ya tatu aliitazama muda mrefu, kisha akasema, "Siye. Lakini kitambaa ni chake, alikifunga hivi hivi." Akaikunja, akaomba aende nayo. Kijana hakutaka malipo, alisema kazi haijakwisha. Nilipofika mara ya mwisho alikuwa katika karatasi ya nne.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu ya kuandikia gazeti. Sisi shuleni tulidhani kuchora ni mchezo wa mwenye kipaji, wa kupamba ukuta siku ya wazazi. Kumbe siku yaweza kuja ambapo mtu atakutaka umfanyie kitu ambacho hakuna fedha iwezayo kukinunua, na utaweza au hutaweza kwa kadiri ya daftari ulizojaza kabla ya siku hiyo. Kijana yule hakuulizwa kama amezaliwa na kipaji. Aliulizwa kama aweza.

Jambo hili lanileta kwenye ubishi ambao najua upo miongoni mwa wanafunzi wapendao kuchora. Wako wasemao kwamba kunakili picha ya mwingine ni wizi, na wako wengine ambao tangu wazaliwe hawajapata kuchora kitu isipokuwa walichokinakili katika simu. Mimi naona pande zote mbili zimekosea. Kunakili ni shule, na hakuna aonaye haya kwa kupita shuleni. Haya ni kukaa humo uzeeni, au kuitia sahihi yako kazi ya mwingine.

Tuwatazame watu wanaojulikana. Mholanzi Vincent van Gogh alishika kazi ya uchoraji mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27, baada ya kushindwa kazi nyingine kadha wa kadha. Alianza kwa kunakili karatasi za mafunzo za Charles Bargue, moja baada ya nyingine, kama mtoto anayejifunza herufi. Kisha akatoka nje kuwachora wakulima na wafumaji walio mbele yake. Alikufa mwaka 1890, na katika miaka hiyo kumi tu alifanya kazi zote zilizompa jina.

Edward Saidi Tingatinga, wa nchi yetu wenyewe, alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Hakusoma katika chuo chochote cha sanaa. Alifanya vibarua vya namna mbalimbali Dar es Salaam, na yapata mwaka 1968 ndipo alipoanza kupaka picha zake za wanyama juu ya vibao, kwa rangi za kawaida za dukani. Alikufa mwaka 1972. Vijana walioketi karibu naye walijifunza kwa kumwiga, na kutokana na kuiga huko pametokea wachoraji wengi ambao kazi zao zaendelea mpaka leo kwa jina lake.

Wa tatu ni Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa Lubumbashi. Huyu naye alichora picha za kuuza, na jambo moja aliweza kulirudia mara nyingi kama wanunuzi walivyotaka. Lakini katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya Kongo, picha zinazokaribia mia, na kila moja akamweleza mtaalamu Johannes Fabian kwa Kiswahili cha huko. Mengi aliyoyachora yalitokea kabla hajazaliwa. Aliyasikia, akayafikiri, akayatia rangini. Nilipomsimulia kijana wa Dzaleka habari hizi alinyamaza, kisha akasema, "Basi inawezekana."

Sasa nijibu maswali mawili ninayoyatazamia. La kwanza ni hili: je, wasema kwamba kipaji hakipo kabisa? Sisemi hivyo. Wako wanaojifunza upesi na wako wanaochelewa, kama vile wako wenye miguu mirefu mbioni. Lakini hatujafuta michezo shuleni kwa sababu ya wenye miguu mifupi. Tena fikirini habari za mwandiko. Herufi ni mchoro. Hakuna mzazi asemaye, "Mtoto wangu hakuzaliwa na kipaji cha kuandika a, e, i, o, u, basi aachwe." Twamshika mkono, anakosea, anarudia, na baada ya mwaka anaandika jina lake. Mtu aliyeweza kuzichora herufi zote, kubwa na ndogo, hawezi kuniambia kwamba mkono wake haufundishiki.

La pili: kuna haja gani, na simu zipo? Ni kweli, simu hupiga picha kwa kufumba na kufumbua, na siku hizi zimekuja programu za kompyuta zitengenezazo picha ukiziandikia maneno tu. Picha utapata. Lakini jicho lako litabaki kama lilivyokuwa. Mwanafunzi anayechora jani la mhindi kwa ajili ya baiolojia hajifunzi kutengeneza picha ya jani, anajifunza kuliona jani, na ndiyo maana mtihani ungali unamtaka alichore kwa mkono. Fundi wa magari hapa Kanengo akitaka kunieleza kifaa gani kimevunjika, hukichora chini kwa kijiti, nami hukifahamu papo hapo kabla hajanitajia jina lake.

Kwa wale watakaokubali, natoa shauri la mtu ambaye bado anajifunza. Chukua daftari moja la kawaida, usingoje karatasi nzuri. Kila siku chora kitu kimoja kilicho mbele yako kwa dakika kumi: kiatu, ndoo, mkono wako wa kushoto. Andika tarehe. Usifute, kwa kuwa mstari uliokosea ndio utakaokuonyesha wapi pa kuuweka ule wa kweli. Kitu kimoja kirudie siku saba kabla ya kwenda kwa kingine. Wala usichane ukurasa mbaya, hata ukikuaibisha, maana siku utakapokata tamaa, hakuna kitakachokutia moyo kama kuona maandazi yaliyokanyagwa ya mwezi wa kwanza. Bandu bandu huisha gogo.

Husemwa kwamba jina la Dzaleka, katika Kichewa, lina maana ya "sitarudia tena", neno la mfungwa aliyejuta. Mimi niliposhindwa kuchora ng'ombe nilisema neno hilo hilo, nikajifunga mwenyewe zaidi ya miaka ishirini, ingawa sikuwa na hatia. Mchoraji hana budi kusema kinyume chake. Kazi yake yote ni kurudia.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule wasiiondoe saa ya kuchora, na wanafunzi wa zamani wenzangu tusaidie kwa kadiri tuwezavyo. Mimi nimekwisha mpa dereva mmoja daftari ishirini na nne na kalamu za risasi, azifikishe shuleni akipita. Na mdogo wangu wa kidato cha tatu namwomba achukue daftari moja katika hizo, achore ng'ombe kila siku kwa muda wa mwezi mmoja, kisha anipelekee wa kwanza na wa mwisho. Nami nitampelekea wangu. Bado anafanana na meza kidogo, lakini siku hizi watu wakimwona huuliza ni ng'ombe wa nani.

Mwanafunzi wa zamani,
Kanengo, Lilongwe